Mama Alipopanda Ndege Bila Mimi

Tangu nirudi Mugumu sijanunua nyanya kwa amani. Nikisimama tu sokoni, mtu ananishika mkono: "Afisa mifugo, ni kweli mama yako alipotelea Ulaya?" Ofisini hivyo hivyo. Mmoja kasikia alifungwa, mwingine kasikia aliangusha polisi. Hakuangusha mtu. Nimeamua kuandika yote mara moja, marafiki zangu msome, mnipumzishe. Habari za viza na tiketi naziacha. Zilikula miezi minne na hazina utamu wowote.

Mnaomjua dada yangu Nyangi mnajua kwamba aliolewa na Mnorwei anayeitwa Erik, wakaenda kuishi Tromso, mji wa kaskazini kabisa mwa Norwei. Mimba mbili zilishamtoka. Ya tatu ilifika mwezi wa nane, madaktari wakasema atajifungua kwa upasuaji siku ya Ijumaa. Lakini tangu mimba ikiwa ya miezi minne alikuwa ameshampigia mama simu kule kijijini Itiryo: "Mama, safari hii peke yangu sitaweza. Nataka nikifumbua macho nikuone wewe."

Mama ana miaka sabini na moja. Goti lake la kulia limeharibika, Kiswahili chake ni cha kuombea maji, na ndege alikuwa anaziona zikipita juu ya shamba lake tu. Alijibu neno moja: "Nakuja." Kazi ya kumfikisha nikapewa mimi.

Itiryo hadi Nairobi

Tuliondoka Jumanne asubuhi, tukavukia Sirari. Mama aliposhuka upande wa Kenya aliwakuta akina mama wanauza ndizi, wakamwamkia kwa Kikurya, wakaulizana koo na ng'ombe na mvua. Tuliporudi kwenye basi akaniuliza, "Hii nayo ni nchi ya nje?"

"Ndiyo, mama. Hii ni Kenya."

"Mbona wanaongea vizuri?"

Akatulia kabisa. Alidhani kama nchi za nje ndizo hizi, basi watu walikuwa wakimtisha bure. Sikumsahihisha, na nikikumbuka sasa najuta.

Uwanja wa ndege wa Nairobi tulikabidhi mabegi yetu mawili makubwa, mama ameyafunga kamba yake nyekundu, yote yakaandikwa kwa jina lake. Kisha akaletewa kiti cha magurudumu, maana Nyangi alikuwa amekiagiza. Mama alikizunguka. "Mimi si mgonjwa," akasema. Nikambembeleza kwamba njia ni ndefu na goti litamuumbua. Mwishowe akakaa, mgongo wima, mkoba mapajani, kipochi cha pasi na tiketi yake kikining'inia shingoni.

Juu

Ndani ya ndege aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Inasimama wapi watu wachimbe dawa?" Nikampeleka chooni, nikamwonyesha kitufe cha maji. Alipokibonyeza, kile choo kilinguruma kama kinavuta roho ya mtu. Mama alitoka ameshika sketi kwa mikono miwili. "Kimetaka kunimeza," akasema, na hakurudi tena mpaka tunatua.

La pili lilihusu chakula. Walileta kuku, wali kidogo, na kibakuli cha majani mabichi. Akayainua jani moja moja. "Haya wamesahau kuyapika. Mwambie yule binti asije akagombezwa." Alikula mkate na kuku, akafunga macho. Mimi sikulala. Nilikuwa nahesabu: asubuhi Uholanzi, tunabadili ndege; mchana Oslo, tunabadili tena; jioni Tromso. Yote yanaisha Jumatano, na Ijumaa bado iko mbali. Niliiona safari imenyooka kama barabara ya lami.

Uholanzi

Uwanja ule ni mji. Kuna maduka, kuna watu wamelala kwenye viti kama kwao, kuna njia za chini zinazotembea zenyewe, ukikanyaga zinakubeba. Tulipokelewa na mzee mmoja wa Kizungu mwenye mvi na jaketi la manjano, akiwa na kiti cha mama. Akatangulia akimsukuma, mimi nyuma na mabegi ya mkononi, tukafika kwenye ukaguzi.

Pale wametandaza kamba, watu wanapinda kushoto, wanapinda kulia, wanasogea hatua moja moja. Nimeswaga ng'ombe wengi kwenye njia ya josho, lakini sikuwahi kuwa ng'ombe. Vua mkanda. Vua viatu. Toa simu. Mama walimpitisha pembeni na kiti chake. Mimi nikapita, na begi langu likavutwa upande mwingine.

Dada mmoja mwenye glavu akalifungua, akatoa kopo lililofungwa kitambaa, ambalo mimi sikuwa nalijua. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia na vipande vyeupe. Ulikuwa ugoro wa mama na magadi yake. Aliuingiza kwenye begi langu kule Nairobi kwa sababu mkoba wake ulikuwa umejaa.

"Hiki ni nini?" dada akaniuliza kwa Kiingereza.

"Tumbaku. Ya kunusa."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu."

Akaniangalia kama mtu aliyesikia jibu hilo mara nyingi. Wakaja wanaume wawili, mmoja kushoto kwangu, mmoja kulia. Nikaambiwa niweke mikono juu ya meza. Wakachukua kipande cha kitambaa, wakapangusa ule unga, wakakiingiza kwenye mashine. Mashine ikalia. Wakamwita mkubwa wao.

Hapo ndipo yule mzee wa jaketi la manjano aliponijia. Alisema kuna abiria mwingine anamsubiri, na ndege yetu imekaribia. "Ni sawa mama akitangulia?"

"Ndiyo, ndiyo, atangulie," nikasema.

Mimi nilidhani anamtanguliza mpaka mlangoni wakanisubiri. Yeye alimaanisha mpaka ndani ya ndege. Simlaumu, aliniuliza, nikajibu mwenyewe. Mama aligeuza shingo akanitazama. Nikainua kidole kimoja pale mezani kumwonyesha aende. Alivyosukumwa aliendelea kunitazama mpaka wakakata kona.

Mkubwa wao alichukua muda kufika. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani. Aliinamia kopo, akavuta pumzi kidogo kujua harufu yake, akapiga chafya. Akapiga ya pili, ya tatu, mpaka miwani ikaanguka. Wenzake wakaanza kucheka, yeye akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Tumbaku. Ni tumbaku kweli." Kopo likarudishwa kwenye begi, nikaombwa radhi. Lakini dakika hamsini zilikuwa zimekwenda, na mbele yangu kulikuwa na foleni ya pasi ndefu kuliko ile ya kwanza.

Nilipogongewa muhuri nilikimbia. Nina miaka arobaini na minne na kitambi mnachokijua. Nilikimbia juu ya zile njia zinazotembea, nikawa naomba samahani kwa Kiswahili. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa. Viti vyote vitupu. Hakuna mama, hakuna kiti cha magurudumu, hakuna mzee wa jaketi. Nje ya kioo ndege ilikuwa inasukumwa kurudi nyuma.

Dada wa pale mlangoni alitazama tiketi yangu, akatabasamu kama mtu mwenye habari njema. "Mama yako yumo. Yuko salama. Amekaa dirishani."

Jamani. Nimewahi kupigwa teke na dume la ng'ombe hapa kifuani nikakosa pumzi, na halikufikia pigo lile. Masikio yaliziba. Nilijisikia nikimjibu yule dada kwa Kikurya. Nilikwenda kwenye kioo nikakipiga kwa kiganja, mara mbili, tatu, kana kwamba rubani angesikia. Kwenye madirisha ya ndege sikuona uso hata mmoja, nuru tupu.

"Isimamisheni!"

"Haiwezekani, bwana. Imeshaondoka."

"Yule mama hajui Kiingereza! Hajui hata yuko nchi gani!"

Tabasamu likamtoka. Akashika simu, akazungumza na watu wa Oslo, akaniandikia tiketi nyingine ya saa saba mchana. "Watampokea," akasema. Nikamuuliza watampokea kwa lugha gani. Akaniletea maji.

Simu ya mama ni ya vitufe, na laini yake haivuki Kenya. Nikampigia Nyangi. Alipokea Erik, akaongea Kiingereza, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Marwa, tuko hospitali. Nyangi ameanza kutokwa damu alfajiri. Wanasema hawawezi kungoja Ijumaa. Wanampasua leo." Nikasikia anavuta pumzi. "Anauliza kama mama yuko na wewe."

Nilikaa chini, sakafuni, hapo hapo.

"Yuko njiani," nikamwambia. Haukuwa uongo.

Uholanzi hadi Oslo

Saa nne za kungoja niliziishi nikitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Nilimwona mama katika kila kikongwe aliyepita. Nilimwona ametoka nje akapanda gari la mtu. Nilimwona amekaa mahali, watu wanampita na simu zao masikioni. Nikajiuliza nitawaambia nini ndugu zangu. Kwamba niliswaga begi nikaacha mama?

Ndegeni niliwekewa mkate wenye kipande cha samaki cha rangi ya chungwa. Nikauma bila kuangalia. Samaki alikuwa mbichi. Mwanamke wa kiti cha pili aliona nilivyoduwaa mdomo wazi, akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza yote kwa mfululizo, mtu ambaye hata jina simjui. Aliponielewa aliufunika mkono wangu kwa wake, akaushikilia mpaka tukatua. Tulipofika aliwaambia waliokuwa mbele yetu jambo fulani kwa Kinorwei, na watu wote wakabaki wamekaa, njia ikaachwa wazi, nikapita peke yangu.

Oslo

Sikujua kwamba Oslo abiria wa kwenda mikoani anachukua mizigo yake mwenyewe, anaipitisha kwa watu wa forodha, kisha anaikabidhi upya. Kama ningejua ningekufa kwa wasiwasi, maana mama angeijuaje habari hiyo? Lakini utaratibu huo huo ndio uliomwokoa.

Nilifuata watu mpaka kwenye ukumbi wa mizigo. Mikanda ilikuwa inazunguka. Mwisho kabisa wa ukumbi niliona watu wamesimama nusu duara: polisi mmoja wa kike, kijana wa uwanja mwenye kiti cha magurudumu kitupu, na mama mmoja mweusi mwenye sare ya usafi. Katikati yao, juu ya mabegi yetu mawili yaliyofungwa kamba nyekundu ya katani, amekaa mama yangu, miguu ameinyoosha, mikono imeshika zile kamba kama anayeshika ng'ombe asitoroke.

"Mama!"

Hakuinuka. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akanitazama na mikononi.

"Wamekufungua?"

"Sikufungwa, mama."

"Nilikuona. Wawili wamekusimamia, mikono mezani. Nikajua ni ule ugoro wangu." Akazikaza zile kamba mkononi. "Mtoto wangu amefungwa nchi za watu kwa sababu ya pua yangu."

Nikapiga magoti. Mtu mzima, mtumishi wa halmashauri, nikalia mbele ya mikanda ya mizigo.

Yule mama wa usafi ndiye aliyenieleza yaliyotokea. Jina lake Furaha, mtu wa Kongo, upande wa Uvira, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. "Ndugu, mama huyu alikatala kuinuka! Bakamuletea kiti, akakatala. Bakamuletea polisi, akakatala. Njo mi nikasema, 'Ee, mama huyu iko mugumu sana!'"

Na mama, ambaye kwa saa tatu hakuwa ameelewa neno la mtu yeyote, akasikia Mugumu. Akamdaka mkono. "Mugumu! Mwanangu yuko Mugumu! Wewe ni wa Mugumu?" Furaha alidhani mama anakubali kwamba ni mbishi. Mama alidhani amepata jirani. Ilichukua muda kuelewana, lakini ule mkono mama hakuuachia tena. Kazi ya Furaha ilikwisha saa nane mchana. Alikuwa amebaki pale, hajala, anamtafsiria polisi kwa Kinorwei kile Kiswahili kidogo cha mama.

"Ndege ya Tromso walitaka kukupandisha," nikamwambia mama. "Kwa nini hukwenda?"

"Nikamwambie nini Nyangi? Kwamba nimemwacha ndugu yake gerezani?" Akapiga begi langu kwa kiganja. "Niliona mabegi yanakuja yenyewe kwenye ule mpira, nikaijua kamba yangu. Yule kijana akanishushia. Nikasema mwenye begi lake atalifuata hapa. Nikakaa."

Huko ndegeni, akasema, aliamini wameshaniachia, nimekaa viti vya nyuma. Ndege ilipokwisha kupanda aligeuka akaniita kwa jina, kwa sauti ile ya kuitia watoto walioko malishoni. Mara tatu. Watu wote wakageuka, isipokuwa mimi.

Sikuwa nimemwambia bado habari ya Nyangi. Nilimwambia pale pale, akiwa bado juu ya mabegi. Hapo ndipo alipoinuka, goti na yote, bila kushikwa. "Twende," akasema. Alimkumbatia Furaha, akakipita kile kiti kitupu, akaanza kutembea. Kule forodha waliuliza tumebeba nini, nikaonyesha unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Afisa aliusugua kwa vidole, akatupungia mkono. Mama alikuwa ameshapita.

Tromso

Tulitua saa mbili usiku na jua lilikuwa juu kama saa kumi jioni, maana kule kiangazi halizami. Mama alilitazama, akatazama saa yangu, akalitazama tena. Siku nyingine angeuliza. Milima ilikuwa na theluji, bahari iko chini yake, na dereva wa teksi alikuwa anakwenda taratibu mno, kila taa anasimama. Simu ya Erik ilikuwa haipokelewi. Nilikuwa naogopa kupiga tena na naogopa kuacha.

Hospitalini nesi alitusubiri mlangoni. Nilimtazama usoni kabla hajafungua kinywa. Alisema upasuaji ulikuwa mgumu, Nyangi alipoteza damu nyingi, ameongezewa. Amezinduka, bado wanamwangalia, tutamwona baada ya saa moja. Mtoto ni wa kike, ni njiti, lakini anapumua mwenyewe. Nikamtafsiria mama neno kwa neno. Alishika ukuta.

"Mtoto yuko wapi?"

Nesi akatuongoza kwenye chumba kidogo, akafungua mlango.

Nyinyi Wakurya hamhitaji kuelezwa, lakini wapo majirani zetu Waikoma na wageni watakaosoma. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani hovyo. Mkwe akimwona mama wa mke wake njiani, anaacha njia. Mama na Erik walikuwa hawajawahi kukutana ana kwa ana. Harusi ilifanyika huko huko.

Basi mlango ulipofunguka, Erik alikuwa ameegemea kiti kirefu, tumbo wazi, kifua wazi, mweupe wote mpaka kiunoni. Juu ya kifua chake, katika manyoya, alilala kiumbe mdogo kama kifaranga, na mpira mwembamba wa maziwa puani.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Akajifunika uso kwa viganja, akageuka, akaupa mlango uso na chumba mgongo.

Na Erik, maskini, alikuwa amefundishwa na Nyangi. Alijua kwamba anatakiwa kuondoka. Akaanza kuinuka, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine unatafuta shati, machozi yanamtiririka, anarudia Kiswahili pekee alichokuwa nacho: "Samahani, mama. Samahani, mama." Mpira wa pua ukavutika. Mtoto akalia, kilio chembamba kama cha paka aliyezaliwa leo. Nesi akapiga hatua mbele, akasema kwa Kiingereza kwamba joto la baba ndilo linalomweka mtoto hai, asimwondoe.

"Anasema nini?" mama akauliza, akiutazama mlango.

Nikamwambia.

"Hana nguo mtoto?"

"Hana, mama. Anapashwa joto na ngozi ya baba yake. Ndivyo wanavyofanya."

Kile kilio kikaendelea. Nilimwona akifungua kitenge alichojitanda mabegani, taratibu, fundo moja baada ya jingine. Kisha akageuka. Hakujifunika uso. Alitembea mpaka kwenye kile kiti, akamtandikia mkwewe kitenge mabegani, akakivuta mbele kikawafunika wote wawili, akakibana kwa vidole chini ya kidevu cha Erik kama unavyombana mtoto wa shule asubuhi ya baridi.

"Mwambie akae," akasema. "Asisimame tena."

Nikamwambia. Erik akaketi. Mama akavuta kigoda cha nesi, akakaa ubavuni mwa mkwewe, bega kwa bega, akaingiza mkono chini ya kitenge, akaanza kumhesabu mtoto vidole.